Kimmea gani hiki king'ang'anizi Kilimanjaro?

Wakuu, juzi tumepanda njia ya Marangu, karibu na kambi ya Mandara kuna kimmea kimetambaa juu ya vichaka kikaninasa suruali na soksi hakitoki mpaka ukibandue, shina lina kona nne, majani yamezunguka kwenye pingili kama spoku za baiskeli. Nini hicho?

— Galiamu hiyo mkuu. Hainati kwa gundi, ni vimiiba vilivyopinda kama ndoana, ndo vinaisaidia kukwea. Ukoo mmoja na mbuni, mti wa kahawa!

— Mbuni gani bana, si una majani mawili mawili?

— Hata hiyo galiamu, majani halisi mawili tu kila pingili, mengine ni vijani vya kikonyo vimekua vikafanana nayo. Mizizi yake ina wekundu, ila usichimbe, hifadhi ile.

— Soksi nishatupa 😂