Je, karafuu na mchaichai vinatosha kufukuza mende, sisimizi na mbu nyumbani?

MamaNuru, Tanga

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninaishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na jiko tunalotumia pamoja na majirani, na nina mtoto wa miezi minne. Tangu alipozaliwa nimeacha kabisa kupuliza dawa ya wadudu ndani, kwa sababu harufu yake hukaa kwenye mapazia na kwenye godoro, nami sipendi aivute. Badala yake nimetandaza karafuu kavu kabatini, nimepanda mchaichai kwenye kopo kando ya dirisha, na kila magharibi ninapuliza mlangoni maji niliyotia matone ya mafuta ya mchaichai. Sisimizi walipotea siku mbili, kisha wakarudi kwa njia nyingine. Mende hawajatikisika. Mbu hupungua hadi kama saa mbili usiku, halafu inakuwa kana kwamba sikufanya lolote.

Wiki iliyopita nilichanganya mafuta hayo na mafuta ya nazi nikampaka mtoto shingoni na miguuni, na asubuhi nikakuta vipele vyekundu pale pale nilipopaka. Nimeumia sana moyoni, maana niliamini kwamba kitu cha shambani hakiwezi kumdhuru. Naomba mnieleze: ninakosea kipimo, au mimea hii haina nguvu tunayosimuliwa?

MzeeWaMakonyo, Pemba

Wa alaykum salaam, mwanangu, na pole kwa vipele vya mjukuu wetu. Mimi nimekulia Chake Chake, ambako makonyo yanayobaki baada ya kuchambua karafuu hupelekwa Wawi kutolewa mafuta, kwa hiyo nitasema juu ya mafuta na hayo mengine nitawaachia wenye ujuzi.

Mafuta haya hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji moto katika makonyo au majani, kisha mvuke huo ukapozwa. Kitu kilichopanda kwa mvuke hurudi hewani upesi vilevile, na ndiyo sababu mlango wako unanukia magharibi na saa mbili umekwisha kupoa. Hilo si kosa lako. Lakini liko moja la kurekebisha: mafuta na maji havichanganyiki. Mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji, ya karafuu huzama chini, na ule mrija wa chupa ya kupulizia hunyonya kutoka chini. Basi wewe mara nyingi ulikuwa unapuliza maji yenye mafuta kidogo tu, na mafuta makali yanabaki ya mwisho. Tia kwanza matone ya sabuni ya maji, tikisa mpaka yawe meupe kama tui, kisha puliza huku ukitikisa.

Mafuta ya karafuu usiyadharau kwa ukali. Niliwahi kuyamimina katika kikombe chepesi cha plastiki, vile vya kutupwa, nikaenda kuswali. Niliporudi kitako cha kikombe kilikuwa kimelainika na mafuta yametapakaa mezani. Kitu cha namna hiyo hakipakwi mtoto.

Muuguzi_wa_Watoto, Mombasa

Mama Nuru, ngozi hiyo ioshe kwa maji na sabuni laini, usimpake tena, na vipele vikienea au akipata homa mpeleke kituo cha afya. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na hupitisha vitu kwa urahisi kuliko yetu. Hata dawa ya kupaka itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya limau, ambayo katika dawa za mimea za kuzuia mbu ndiyo iliyothibitika zaidi, haishauriwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Chupa nayo iweke mbali: mafuta ya mkaratusi au ya kafuri, mtoto akimeza hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea degedege.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa nimeona akina mama wengi wakiacha dawa ya kupuliza na kukimbilia vile vidonge vyeupe vya nafthalini kwenye sanduku la nguo za mtoto. Tafadhali usifanye hivyo. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao upungufu huo ni wa kurithi na si adimu katika maeneo yenye malaria kama pwani yetu.

Kwa mbu, mlaze ndani ya chandarua chenye dawa, kikiwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku, yaani saa zile ambazo harufu ya mchaichai imekwisha kuondoka. Kama dawa ya kwenye nyuzi inakutia hofu, ujue kwamba ni ya jamii ya pairethroidi, iliyotengenezwa kwa kuiga kiini cha ua la pareto linalolimwa Iringa, Mbeya na kule kwetu Nakuru.

AfisaUgani, Morogoro

Nakubaliana na waliotangulia. Mmea uliosimama tu kwenye kopo hutoa harufu kidogo. Katika majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, mimea ya kivumbasi iliyowekwa kwenye vyungu ilipunguza mbu kwa takriban theluthi, ambayo ni nafuu ya kweli lakini haitoshi pale penye malaria.

Sisimizi hufuata mstari wa harufu ulioachwa na wenzao. Ukipuliza mafuta juu yake wanazunguka. Ukiufuta mstari wote kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kutoka kwenye chakula hadi kwenye tundu, wanapotea njia. Tone la mafuta ya karafuu liweke baada ya hapo, mdomoni mwa tundu.

Mende ndiye mgumu. Mtazame vizuri: akiwa mdogo, wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, basi jike lake hutembea na kifuko cha mayai mkiani, mayai 30 hadi 40, hadi yanapokaribia kuanguliwa. Harufu haiyaui mayai hayo. Karafuu zako zinamhamisha tu kutoka kabatini kwako kwenda nyuma ya jokofu la jirani, na zikichuja anarudi na watoto. Anachohitaji ni maji, makombo na ufa. Mkaushe sinki kila usiku, mzibe nyufa, na mweke chambo cha asidi ya boriki na sukari mahali ambapo mtoto hatafika kamwe. Jambo hili lazima jiko zima lifanye usiku mmoja, ama sivyo mtakuwa mnarushiana mende.

Mwarobaini, kwa kuwa wengi huuliza, nguvu yake iko ghalani. Majani yaliyokaushwa kivulini yakichanganywa na kunde husaidia kuzuia fukusi, lakini yakining'inizwa mlangoni sijaona yakimzuia mende.

MamaNuru, Tanga

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Vipele vilikwisha siku ya tatu. Jumamosi nilikaa na majirani zangu wawili, nikawasomea majibu haya, tukavuta kabati zote. Nyuma ya mtungi wa gesi tulikuta bomba linavuja tone moja moja na ukuta umelowa, na hapo ndipo walipokuwa wamejaa, wale wale wenye mistari miwili. Fundi amelikaza bomba, na chambo tumekiweka juu ya dari ya jiko na nyuma ya jokofu. Hadi leo, siku ya tisa, nimeona mende wawili tu, wote wamekufa. Chandarua nimekichomeka kama ulivyosema, dada muuguzi. Chupa ya mafuta nimeifungia kwenye sanduku lenye kufuli, na mchaichai wa dirishani sasa ninaukatia chai ya jioni.