Naomba ushauri: nyufa za mzizi wa mshono kwenye sakafu ya daraja la chuma

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wahandisi wa madaraja na wakaguzi wa mishono ya kuchomelea.

Sakafu ni bamba la milimita 12. Chini yake kuna mbavu zenye umbo la hori, unene milimita 6, zilizochomelewa upande wa nje tu. Juu kuna lami ya milimita 50. Nyufa zimeanzia kwenye mzizi wa mshono (sehemu ya ndani kabisa ya mshono unaounganisha ubavu na bamba), pale ubavu unapokutana na boriti ya kukingama, chini kabisa ya mapito ya magurudumu ya malori, kisha zikapanda ndani ya bamba. Ukisimama chini huzioni, maana zimejificha ndani ya ubavu. Dalili ya kwanza ilikuwa lami kupasuka kwa mstari mrefu. Ni aina ileile iliyoonekana mwaka 1997 kwenye sehemu inayofunguka ya daraja la Van Brienenoord, Uholanzi, ikiwa na miaka 7 tu ya kazi.

Tumetoboa matundu ya milimita 20 kwenye ncha za nyufa mbili ili zisiendelee. Ufa mmoja umevuka tundu. Nadhani ncha ya chini ilikuwa imetangulia ile ya juu. Kusaga ukingo wa mshono tumeacha, kwani hakufikii mzizi.

Maswali yangu: tukichimba ufa kutoka juu na kuujaza upya huku magari yakipita njia ya pili, mtikisiko utaharibu mshono kabla haujapoa? Na tukiondoa lami tuweke zege la nguvu ya juu lenye nyuzi za chuma, milimita 60, ni lazima nyufa zote zizibwe kwanza?