Nosferatu ya 1922 haina sauti wala damu, mbona bado inatisha hivi?

mtoto_wa_Malindi
Asalam alaykum wadau. Juzi usiku nimeiangalia Nosferatu, ile ya Mjerumani F. W. Murnau ya 1922, ipo bure YouTube. Mie nishazoea hizi za sasa zenye makelele na damu ukuta mzima, hii hakuna anayesema, watu wanafungua midomo halafu yanakuja maandishi, damu ni kidogo tu pale Hutter, yule kijana mgeni kwenye kasri, anapojikata kidole akikata mkate, na bado nililala na taa ya ukumbini inawaka. Ina nini hasa filamu hii? Na la pili, Count Orlok, yule mnyonya damu mwenyewe, mwisho anauliwa na jua, sasa mbona kabla yake anapita mjini kabeba jeneza lake mchana kweupe?

bi_Kikwajuni
Waalaykum salaam. Nianze na la pili maana jepesi. Ule si mchana, ni usiku. Kamera za wakati ule giza zilikuwa haziliwezi, kwa hiyo walipiga mchana halafu mkanda ukatiwa rangi, buluu ndo usiku. Wewe umepata kopi iliyotolewa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe, itafute iliyokarabatiwa utaona mambo yanakaa sawa.

Na hilo la jua lenyewe limeanzia hapo. Kwenye riwaya ya Bram Stoker ya 1897 Dracula mchana anatoka, nguvu tu ndo zinampungua. Hawa wa Nosferatu walichukua kisa hicho bila ruhusa wakabadilisha majina, mjane wa Stoker, Bi Florence, akawapeleka mahkamani na 1925 ikaamuliwa kopi ziharibiwe. Zilizokuwa zishatoka nje ya Ujerumani zikasalimika, alhamdulillah, maana ingekuwa hasara kubwa.

Chake_usiku
La kwanza nijibu mie. Irudie sehemu ya merikebu. Majeneza yamepakiwa ngamani, udongo na panya, baharia mmoja anaumwa, kisha mwengine, hadi wanabaki nahodha na msaidizi wake. Msaidizi anashuka na shoka ayavunje, Orlok anainuka ndani ya jeneza wima kama mlingoti, hakunji goti wala kiuno, jamaa anapanda juu mbio anajitosa baharini. Nahodha anajifunga kamba kwenye usukani. Halafu chombo kinaingia bandarini taratibu, matanga juu, hakuna aliye hai anayekiongoza.

Pale hapana anayeng'atwa shingo, ni chombo tu kinaingia. Sie watu wa visiwani hiyo tunaielewa vizuri sana kwa sababu kila kitu chetu kimekuja kwa bandari, mchele, wageni, jamaa zetu na maradhi pia, ndo maana Changuu pakafanywa karantini enzi za Waingereza kwa kuogopa homa ya manjano. Wale watu wa Wisborg, mji wenye bandari hiyo, wanasoma daftari la chombo wanakuta tauni, wanakimbilia majumbani, na Orlok mwenyewe keshashuka kapata nyumba. Hawa Dracula wengine ni watanashati, joho safi na maneno matamu. Huyu ni maradhi yenye miguu.

Mtambile_kwetu
Chake_usiku umesema kweli ila mie naongeza. Nilijua mtu ataleta Popobawa hapa, yule jini anayesemwa huvamia watu usiku, basi nalileta mie, kwa sababu ukiweka vitu viwili hivi pamoja unaona filamu inakugusa wapi. 1995 watu Pemba na Unguja walikuwa wanalala nje kwa makundi, wazee kwa watoto, khofu ipo lakini mwenzio yuko pembeni. Kwenye filamu ni kinyume kabisa, anapita mpiga ngoma anatangaza amri, milango inatiwa alama ya chaki, kila mmoja kwake kajifungia, na Ellen, mke wa Hutter, anaangalia dirishani majeneza yanapita njia nzima yamebebwa. Hata usiku ule wa mwisho Ellen kamtuma mumewe akamwite profesa, kabaki peke yake. Kile kivuli kinachopanda ngazi, vidole virefu, halafu kivuli cha mkono kinamfumbata moyoni, kinatisha kwa sababu hana hata jirani wa kumwita. Mie pale roho iliniuma kwa ajili yake kuliko kuogopa.

Shaba_Ng'ambo
Mie kwangu bado Christopher Lee, Dracula ya 1958 ya Terence Fisher. Ina rangi, damu nyekundu kweli, na pale mwisho Peter Cushing anapita mbio juu ya meza anayavuta mapazia jua linaingia… hiyo naweza kuiangalia kila wiki. Nosferatu naiheshimu ila inanichosha katikati.

bi_Kikwajuni
Shaba, na hilo jua la Cushing kalitoa wapi? 😊 Lakini sikukatalii, Lee ana haiba yake, anaingia mlangoni kwa adabu kabisa na ndo ubaya wake unapoanzia.

mtoto_wa_Malindi
Shukran sana, hili la bandari sikuwa nimeliona kabisa na mie nimezaliwa hatua chache kutoka gatini. Ijumaa naiangalia tena ya rangi na mdogo wangu. Muziki je, upi ndo wa asili?

bi_Kikwajuni
Ulitungwa na Hans Erdmann, sehemu kubwa ukapotea, kwa hiyo kila toleo lina wake. Ukikuta umewekwa wa kelele punguza sauti kabisa, picha inajitosheleza. Na mdogo wako kama hajatimiza kumi na mbili muache kwanza.