Maumivu ya tezi dume yasiyoisha ilhali vipimo havioni bakteria: seli za kinga zinahusikaje?

Ngokolo
Wakuu, habari za jioni. Nina umri wa miaka 38, na kwa zaidi ya mwaka nimekuwa na maumivu kwenye msamba na chini ya kitovu, ambayo huzidi nikikaa kitini kwa muda mrefu na baada ya tendo la ndoa. Mkojo wangu umeoteshwa maabara zaidi ya mara moja bila bakteria kuonekana, na antibiotiki nilizopewa hazikunisaidia. Daktari wa mfumo wa mkojo ameniambia kwamba hii ni prostataitisi (inflamesheni ya tezi dume, yaani uvimbe unaoletwa na kinga) sugu isiyotokana na bakteria, na kwamba kinga ya mwili ndiyo inayochochea maumivu. Kinachonitatiza ni kwamba majimaji ya tezi yalipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa chache sana. Kama kinga ndiyo inayoshambulia, mbona askari wake hawaonekani?

Mtu wa Maabara
Ndugu mleta mada, swali lako limewasumbua watafiti kwa miaka mingi. Katika mgawanyo uliotolewa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambao bado unatumika, hali yako iko kwenye kundi la tatu, yaani maumivu sugu ya nyonga yasiyo na bakteria, na wagonjwa wengi wa prostataitisi wamo humo. Kundi hilo lilitenganishwa zaidi kwa kuangalia kama chembe nyeupe zipo au hazipo kwenye majimaji ya tezi, kwa dhana kwamba wingi wake ungeeleza ukali wa ugonjwa. Dhana hiyo haikusimama. Mwaka 2002 ilichapishwa tathmini ya wanaume 488 wenye tatizo hili, ikaonyesha kwamba idadi ya chembe nyeupe haiendi sambamba na ukali wa dalili. Wapo pia wanaume wasio na maumivu yoyote ambao chembe hizo wanazo.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza seli ni ngapi, ni afadhali kuuliza ni seli zipi, ziko wapi, na zinamwaga nini. Chembe zinazohesabiwa kwa darubini kwenye majimaji kwa kawaida ni neutrofili na makrofaji, aina mbili za seli za kinga zinazomeza vimelea. Seli za masti, ambazo wengi wetu tunazijua kwa habari za mzio, hukaa ndani ya nyama ya tezi, mara nyingi jirani na ncha za neva, na kuhesabu chembe za majimaji hakuzifikii. Zikichokozwa hutoa histamini, kimeng'enya kiitwacho triptasi, na protini inayokuza neva. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walikuta triptasi na protini hiyo zimepanda katika majimaji ya tezi ya wagonjwa, na panya wasio na seli za masti walipata maumivu kidogo kuliko wenzao hata baada ya tezi zao kuchokozwa kwa njia ileile. Neva iliyooga kemikali hizo kwa muda mrefu hushuka kizingiti, yaani huamshwa kwa urahisi zaidi, na mguso ambao hapo awali haukuwa na maana huanza kuuma.

Seli T, chembe nyeupe zinazolenga adui maalumu, nazo zina sehemu yake. Panya wakichanjwa kwa protini za tezi dume, seli T zao huanza kuishambulia tezi, hasa zile zinazotoa intaferoni gama na intaleukini 17, ambazo ni protini za kuamshia kinga. Jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote ni hili: intaleukini 17 ikizuiwa mapema, maumivu hayatokei, lakini ikizuiwa baada ya maumivu kukita mizizi, hayaondoki. Pengine ndiyo sababu dawa ya kutuliza kinga peke yake haimtoshi mtu aliyeumwa muda mrefu, kwa kuwa wakati huo neva, uti wa mgongo na misuli ya sakafu ya nyonga vimeshaingia kwenye mchezo.

Kisiki cha Mpingo
Nakubaliana na mengi, ila mimi nilitumia antibiotiki ya siprofloksasini nikapata nafuu ya wazi, na mkojo wangu nao haukuotesha kitu. Je, si kweli kwamba bakteria wamejificha tu?

Mtu wa Maabara
Inawezekana kwa wachache, Ndugu Kisiki, lakini nafuu yako haitoshi kuwa ushahidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2004 liliwagawa wanaume 196 katika makundi ya siprofloksasini, tamsulosini (dawa ya kulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu), dawa zote mbili, na vidonge visivyo na dawa, kwa wiki 6. Siprofloksasini haikuwashinda waliomeza vidonge vitupu. Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na dawa za jamii hiyo zina uwezo wa kupunguza baadhi ya kemikali za inflamesheni hata pasipo bakteria wa kuua. Kurudia dozi kila maumivu yanaporejea ni kujitafutia usugu wa vimelea na madhara ya kano, hususani ya kisigino.

Mwalimu wa Bwawani
Samahani kwa kuingilia. Jina la mleta mada linanifanya nidhani ni mtu wa Shinyanga. Je, kichocho kimeshapimwa? Mayai ya kichocho cha mkojo hukwama si kwenye kibofu tu, bali hata kwenye tezi dume na vifuko vya manii, na kinga huyazingira kwa eosinofili (chembe nyeupe zinazopambana na minyoo), makrofaji na seli T hadi vinundu vinatokea. Hapo seli za kinga zinahusika kweli, lakini zina mchokozi anayeonekana na mwenye dawa.

Ngokolo
Mwalimu, umepatia. Nimekua nikioga malamboni, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo.

Mtu wa Maabara
Mwalimu ametukumbusha jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka. Kuotesha mkojo hakuonyeshi mayai. Omba mkojo uchujwe na kuangaliwa kwa darubini, na uutoe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Maambukizi yakiwa ya zamani mayai huweza kukosekana kwenye mkojo, kwa hiyo mweleze daktari habari za malambo hata kama kipimo hakitaona kitu, na mtajie kama umewahi kuona damu kwenye manii.