Tupeane uzoefu: umbali na muda halisi wa safari baina ya viwanja vidogo vya ndege

Ndugu wanajamvi, salaam. Kila ninapotafuta umbali baina ya viwanja viwili vidogo, napewa kilomita pamoja na dakika zilizokokotolewa kana kwamba ndege huanzia angani ikiwa tayari katika kasi yake kamili. Kilomita sina ugomvi nazo, maana ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Ugomvi wangu ni dakika. Kilomita 200 kwa Cessna Caravan, ambayo ikishatulia angani huenda takriban kilomita 340 kwa saa, ni dakika 35. Lakini humo hamna kutoka maegeshoni, kupanda, kupunguza mwendo wala kuzunguka ili itue ikiukabili upepo. Mimi huongeza robo saa. Wenzangu mnafanyaje?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mleta mada, robo saa inatosha siku upepo umelala. Upepo wa mbisho wa kilomita 50 kwa saa huishusha kasi hiyo hadi 290, na dakika zako 35 huwa 41. Wakati wa kurudi, upepo huohuo ukisukuma kwa nyuma, utatumia kama 31. Angalieni kwamba kinachopotea kwenda ni kingi kuliko kinachookolewa kurudi, kwa kuwa mbishoni ndege hukaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana nikipanga safari ya kwenda na kurudi siku moja, sihesabu kwamba upepo utanilipa.

Mchangiaji wa pili: Kwangu mimi upepo ni jambo dogo, kinachokula muda ni vituo vya njiani, ambavyo tiketi haivitaji kila mara. Safari moja tulishuka kwenye kiwanja cha changarawe kumchukua abiria mmoja. Rubani mwenyewe akapima begi lake kwa mizani ya kuning'iniza, akatazama karatasi yake ya uzito, kisha akahamisha mizigo kutoka nyuma ya viti hadi kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege na kumwomba bwana mmoja mnene asogee kiti cha mbele. Hakuna aliyenung'unika, kwani ndege ndogo iliyolemewa upande wa mkia ni hatari kweli.

Mchangiaji wa tatu: Msisahau giza. Kiwanja kisicho na taa kwenye njia ya kurukia hufungwa na jua linapozama, hivyo ndege ya jioni ikichelewa kuondoka, nusu saa ya angani huweza kugeuka kuwa safari ya kesho asubuhi. Mimi huchagua ndege ya asubuhi, hata ikiwa na vituo vingi.

Mleta mada: Nawashukuru. Niongeze mfano mmoja: baina ya visiwa vya Westray na Papa Westray, Uskoti, umbali ni takriban kilomita 2.7 tu na ratiba huipa safari hiyo dakika 2. Kwa umbali kama huo, kasi ya ndege karibu haina maana. Kwa hiyo naomba wanaofuata watutajie pia muda uliochapwa kwenye ratiba zao, ambao kwa kawaida huanza ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, ili tuulinganishe na ule wa kukokotoa.