Je, PlayStation 6 itacheza diski zetu za PS2 na PS3?

Mchikichini82
Wakuu, habari za jioni. Nina sanduku la diski halisi za PS2 na PS3 ambazo kaka yangu alikuwa akinunua mojamoja huko Muscat alipokuwa kazini, na kila likizo alirudi nazo mbili au tatu. PS2 yenyewe sasa lenzi imechoka. Inabidi niisimamishe wima na kusubiri, na mara nyingine inakataa kabisa. Katika kusoma uvumi kuhusu PlayStation 6 nimeona wengi wakidai kwamba safari hii Sony wataviunganisha vizazi vyote katika mashine moja, kuanzia PS1. Kabla sijanunua PS3 ya mtumba, naomba wenye ujuzi wanisaidie kutenganisha yaliyosemwa na wahusika wenyewe na yale ya kubahatisha, kisha wanishauri kama sanduku hili lina maana yoyote kwa mashine ijayo.

Saketi_na_Risasi
Ndugu mleta mada, yaliyosemwa na wahusika ni machache. Oktoba 2025 Mark Cerny, ambaye ndiye msanifu mkuu wa PS4 na PS5, alitoa video pamoja na Jack Huynh wa AMD, kampuni inayotengeneza chipu za mashine hizo, wakaeleza kazi wanayoifanya kwa pamoja katika mradi unaoitwa Amethyst. Walizungumzia mambo matatu: kuunganisha sehemu za chipu ya picha ili zifanye hesabu za akili unde kama kitu kimoja, kuweka saketi maalumu za kufuatilia miale ya mwanga, na kubana data ili njia ya kwenda kwenye kumbukumbu isizibe. Cerny mwenyewe alisema kwamba teknolojia hizo kwa wakati huo zilikuwa katika maigizo ya kompyuta tu, na kwamba anatarajia kuzitia katika konsoli ya baadaye, miaka michache ijayo. Michezo ya kale haikuwa mada yao.

Mengine yote ni kukisia, ingawa kukisia nako kuna daraja. Kwamba mashine ijayo itacheza michezo ya PS4 na PS5 ni jambo ninaloliamini kwa kiasi kikubwa, kwa sababu zote mbili zimejengwa juu ya prosesa za AMD za ukoo mmoja, na tayari PS5 inacheza karibu michezo yote ya PS4, ambayo ni zaidi ya 4,000. PS3 ndiyo mfupa. Chipu yake, Cell, iliyotengenezwa na Sony, Toshiba na IBM, ilikuwa na kiini kikuu kimoja na vidogo vinane. Kimoja kati ya hivyo vidogo kilizimwa kiwandani, kimoja kikachukuliwa na mfumo, na sita vikaachiwa mchezo. Kila kimoja kilikuwa na ghala lake dogo la kilobaiti 256, na mtengenezaji wa mchezo ndiye aliyelazimika kupanga ni mzigo gani uingie ghala gani na kwa wakati gani, kama msimamizi wa vibarua bandarini. Kuiga mpangilio huo katika prosesa ya aina nyingine, bila kuchelewa hata kidogo, kunahitaji nguvu nyingi. Hata hivyo si muujiza: programu ya RPCS3, iliyoanzishwa na watu wa kujitolea mwaka 2011, inaendesha michezo mingi ya PS3 katika kompyuta imara.

Kumbuka pia jinsi Sony walivyowahi kulitatua jambo hili. Ndani ya PS2 waliweka prosesa ya PS1, ikawa inasimamia padi na memori kadi wakati wa michezo mipya, kisha inageuka kuwa PS1 ukiweka diski ya zamani. Mimi huuona huo kuwa ubunifu mzuri kuliko wote waliowahi kuufanya. PS3 za kwanza za mwaka 2006 nazo zilibeba chipu za PS2, lakini zilikuwa ghali, na kufikia mwishoni mwa 2007 waliuza toleo la gigabaiti 40 lisilocheza diski za PS2 hata moja.

Mgongo_wa_Buluu
Naunga mkono maelezo ya Saketi, ila nadhani ameruka mlango na kuingia chumbani. Tuseme Sony wameandika emuleta, yaani programu ya kuiga mashine ya zamani, iliyo kamili. Diski itasomwa na nini? PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila kisomaji cha diski, unakinunua pembeni, na ukikifunga kwa mara ya kwanza lazima mashine iwe kwenye intaneti ndipo kikubaliwe. Kisomaji hicho kinasoma Blu-ray na DVD, lakini hakisomi CD, kama ilivyokuwa kwa PS4.

Mleta mada, toa diski zako za PS2 uzigeuze. Zenye mgongo wa rangi ya fedha ni DVD, na zenye mgongo wa buluu ni CD, nyingi zikiwa za miaka ya mwanzo. Za PS1, zile nyeusi, zote ni CD. Kwa hiyo hata tukipata mashine ya ndoto, zile za buluu na nyeusi zitabaki nje isipokuwa wabadilishe lenzi, na sioni kampuni ikifanya gharama hiyo kwa ajili yetu sisi wenye masanduku chini ya kitanda.

Likoni_FC
Ndugu zangu, mimi niliendesha kibanda cha gemu kwa miaka sita, PS2 nne na runinga za mgongo, na nawaambia kwamba waliokuwa wakipanga foleni walitaka mpira tu. Michezo ya mpira ndiyo isiyorudi. Majina ya wachezaji, nembo za vilabu, jezi na nyimbo za kwenye menyu, vyote vimekodishwa kwa muda. Muda ukiisha, mwenye mchezo hawezi kuuuza tena hata kama mashine inauweza. Microsoft walifanya juhudi kubwa kuliko wengine, wakarudisha mamia ya michezo ya Xbox mbili za kwanza, na Novemba 2021 walipoongeza zaidi ya 70 walieleza kwamba wamefika mwisho kwa sababu za leseni, sheria na ufundi.

Kuhusu michezo ya PS3, tangu 2022 Sony huitoa kwa kuirusha kupitia intaneti kutoka kwenye mitambo yao kwa wanaolipia daraja la juu la PlayStation Plus. Huduma hiyo haitolewi Kenya wala Tanzania, na hata ingetolewa, sijui ni bando gani lingestahimili mechi moja ya dakika tisini.

Mchikichini82
Nimewasoma wote na nimeshukuru. Nimemwaga sanduku sakafuni: diski za PS2 ni 31, na kati ya hizo 9 ni za buluu, mojawapo ikiwa ile ya mbio za magari ambayo kaka aliinunua mwanzo kabisa. Za PS3 ni 12. Nimeamua kutafuta PS3 ya mtumba. Swali langu la mwisho kwa Saketi: je, lenzi ya PS2 inabadilishika?

Saketi_na_Risasi
Inabadilishika. Ila kabla ya kununua, fungua mashine, safisha lenzi taratibu kwa pamba na spiriti isiyo na maji, kisha paka grisi kidogo kwenye reli inayotelezea. Angalia pia namba ya toleo iliyo nyuma ya mashine, kwa maana lenzi za PS2 nene na za nyembamba haziingiliani. Anza kuijaribu na moja ya hizo 9 za buluu, kwa sababu mara nyingi lenzi iliyochoka hushindwa aina moja ya diski na kuiweza nyingine.