Milioni 10 za wahitimu: zawadi ya mwanafunzi bora, au ada za waliokwama?

Mada: Wahitimu 40 wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakichanga shilingi 250,000 kila mmoja, zinapatikana milioni 10. Waanzishe zawadi ya kila mwaka, au wawalipie ada ambao mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi haukuwatosha?

Mhasibu: Mkizigawa kwenye ada, baada ya mwaka au miwili hamna kitu. Zawadi hudumu, mradi mtaji uwekwe kwenye hatifungani, yaani mnaikopesha serikali kwa riba, na usiguswe. Mwaka 2022 serikali ilishusha riba ya hatifungani ya miaka 25 kutoka 15.95% hadi 12.56%. Tupige hesabu kwa hiyo ya chini: milioni 10 zinaleta 1,256,000 kwa mwaka, nusu kila miezi sita. Toeni 900,000 tu. Zile 356,000 zinazobaki zirudi kwenye mtaji, maana mkizila zote mfumuko wa bei utaidhoofisha zawadi. Kima cha chini cha kununua hatifungani ni milioni moja, kwa hiyo hizo 356,000 zikae kwanza kwenye vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Kila baada ya miaka mitatu mnanunua nyingine.

Mhadhiri: Hesabu sina ugomvi nayo, mkuu. Tatizo ni anayepokea. Mwenye GPA (wastani wa alama) ya 4.8 kati ya 5 mara nyingi ni yule ambaye bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halikuwahi kumpiga chenga. Halafu zawadi hutolewa kwenye mahafali, mtu ameshamaliza. Aliyeihitaji alikuwa mwaka wa pili, akiruka milo ili alipe chumba.

Mwanasheria: Hapo ndipo masharti yanapoandikwa vibaya. Hakuna aliyelazimisha iwe GPA ya mwisho. Iwe ripoti bora ya mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili, ilipwe kabla mwaka wa tatu haujaanza, moja kwa moja kwenye akaunti ya mwanafunzi. Ikipitia akaunti ya idara inaweza kukaa miezi ikisubiri sahihi.

Mkiifunga zawadi kwenye somo fulani, msiandike jina la somo peke yake. Mtaala ukibadilika somo likafutwa, fedha zinakwama na hakuna mwenye mamlaka ya kuzitoa. Ongezeni "au somo litakalochukua nafasi yake". Semeni pia itakuwaje wawili wakifungana, na mwaka asipopatikana anayestahili. Na wachangiaji wasikae kwenye kamati ya kuchagua, hata kama wanaombwa. Mtoto wa mmoja wao akishinda, zawadi haitaaminika tena.

Mhadhiri: Ya mwaka wa pili naikubali. Bado nasema laki tisa kwa mtu mmoja ni nyingi wakati mwenzake amezuiwa chumba cha mtihani kwa deni la laki tatu.

Mhasibu: Basi zawadi iwe laki sita, laki tatu ziwe za dharura ya ada kabla ya mitihani.

Mhadhiri: Na mwenye dharura ya kweli atathibitishwa na nani? Mkiiachia idara, anayejulikana na walimu ndiye atakayeipata. Nataka jina litoke ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na deni lithibitishwe na ofisi ya fedha ya chuo. Bila hayo mawili kwenye hati, mimi sichangii.